Dhahabu inaenda jangwani, maisha inabaki Kamituga

Ndugu wachimbaji, bamama wa mashimo, na ninyi batoto munaowasomea wazee gazeti hili: kila mwaka mwezi wa 9 ukifika, mvua kubwa inarudi, na sisi wote wa Kamituga tunaanza malalamiko yaleyale. Matope. Barabara ya Bukavu inaharibika. Zile kilometa karibu 180 unaweza kuzimaliza kwa siku moja ao kwa siku nne, Mungu njo anajua. Lori zinalala mu matope, bei ya chumvi na sabuni inapanda, nguo hazikauki, viatu vinaoza miguuni. Tunalaumu mvua, tunalaumu milima, tunalaumu mji. Kijana akipata dhahabu kidogo, neno la kwanza ni: "Miye nitatoka huku."

Tunamuelewa. Lakini leo tunaomba tukae chini kidogo, tutazame mji wetu kwa macho ya mtu asiyekuwa na mvua. Watu hao wako, tena ni wengi. Wanaishi mu miji ya jangwa. Wengine wanavaa dhahabu yetu, wengine ni ndugu zetu wa damu, wengine ni wachimbaji kama sisi. Tukiwasikiliza, tutajua mambo mawili: kwanza, kile tuko nacho kila siku bila kukiona, pili, kwa nini tunapaswa kupanda kutoka shimoni mvua inapoanza.

Mji unaopokea dhahabu yetu

Tuanze na Dubai. Hapa Kamituga hata mtoto wa shule analijua jina hilo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi kwamba sehemu kubwa ya dhahabu inayochimbwa kwa mikono mu mashariki ya Kongo inatoka kwa njia za kujificha, inapita mu nchi jirani, na mwisho inafika kule. Tunaonaka picha mu telefone: magorofa ya vioo, soko la dhahabu, maduka yanayong'aa mikufu mpaka mlangoni. Wengi wanasema: kule njo kuko maisha.

Lakini mji ule umejengwa juu ya mchanga. Mvua inanyesha siku chache tu mu mwaka mzima. Mto wa kuteremka mlimani haupo. Karibu maji yote ya kunywa ni maji ya bahari yaliyotolewa chumvi mu viwanda vikubwa. Mwezi wa 7 na wa 8 joto linapita digrii 40, na mwenye uwezo anatoka mu nyumba yenye mashine ya baridi anaingia mu gari yenye mashine ya baridi. Mwenye kubaki juani ni mfanyakazi: mjenzi, mfagiaji, mbeba mizigo, aliyetoka India, Pakistan, Bangladesh, ao huku kwetu Afrika.

Juu ya wafanyakazi hao kuko sheria moja ambayo sisi wa sendika tunaipenda sana. Kuanzia tarehe 15 ya mwezi wa 6 mpaka tarehe 15 ya mwezi wa 9, kazi ya nje chini ya jua inakatazwa tangu saa sita na nusu mpaka saa tisa ya mchana. Tajiri anayevunja sheria hiyo analipishwa dirhamu 5,000 kwa kila mfanyakazi aliyemkamatisha kazi saa hiyo. Hatusemi kule ni paradiso. Mfanyakazi mgeni mu nchi zile anateswa kwa njia mingi. Lakini jambo moja wamelikubali na kuliandika: jua linaua, basi jua likiwa kali kazi isimame. Mushike neno hilo, tutalirudilia.

Ndugu zetu wa Kakuma

Kuko jangwa lingine, hilo halina magorofa. Ni Kakuma, kaskazini-magharibi ya Kenya, mu inchi ya Waturkana. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1992, kwanza kwa watoto na vijana waliokimbia vita vya Sudani. Nyuma wakafika Wasomali, Warundi, na Wakongomani wengi. Mwaka 2016 watu wakaanza kukaa pembeni yake, mu Kalobeyei. Leo pahali pale pote pamoja pana watu zaidi ya 200,000. Ni mji, hata kama nyumba mingi ni za udongo na mabati. Na Kiswahili kinasikika mu kila soko lake, mara mingi kwa sauti ya Kivu.

Kule maji inatolewa mu visima virefu, inapita mu mabomba, na bomba linafunguliwa kwa saa. Saa ikipita, limefungwa. Bamama wanapanga bidoni kwa mstari mbele jua halijatoka, na bidoni inalinda nafasi ya mwenyewe. Mto wa pale, Tarach, ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Watu wanautembea kwa miguu kama barabara. Halafu siku moja mvua inanyesha mbali, maji inateremka kwa nguvu, inabeba mbuzi na nyumba, na kesho ni mchanga tena. Kuni ni jambo la kugawanywa kwa kipimo ao la kununua. Mti ukiwa na majani, uko na mwenyewe.

Familia mingi za Kivu ya Kusini ziko na mtu kule. Mtu huyo akituma sauti ku WhatsApp, anaulizaka nini? Haanzi na bei ya dhahabu. Anauliza: "Mvua iko nanyesha? Batoto banaogaka bado ku mto? Sombe iko namna gani?" Sisi tunacheka. Tunajibu haraka, tunarudi ku habari ya shimo. Lakini tukae ku maulizo hayo kidogo, sababu mtu wa jangwani haulizi mambo ya bure. Anauliza ile kitu inamkosekana kila siku.

Siku moja ya Kamituga

Asubuhi huku hatuamshwi na joto. Ukungu umelala mu bonde, milima imekatwa nusu, unasikia jogoo bila kuona nyumba yake. Baridi kidogo inakufanya uvute blanketi dakika tano zingine. Mtu wa Dubai analipia baridi hiyo ku fakture ya umeme kila mwisho wa mwezi. Wewe umeipata bure, na umeilaumu.

Halafu bamama wanateremka ku source. Maji inatoka mu mlima, usiku na mchana, hakuna mtu anayeifungua wala kuifunga. Ndiyo, kuko foleni. Ndiyo, kuko masource machafu, na sisi wenyewe mito yetu tunaichafua kwa matope na kwa zebaki, ile tunaitaka mercure. Njo maana tunasema: kitu usichokijua bei yake, utakiharibu. Mama wa Kakuma angeona namna tunavyosafishia udongo wa shimo ku kichwa cha mto ambao mu chini yake watu wanateka, angelia. Kuitazama source kwa macho yake ni kuanza kuilinda.

Saa kumi na mbili na nusu bitumbura zinaingia mu mafuta. Ile harufu inapanda njia yote ya Kele, ya Mero, ya Kabukungu. Mchimbaji anakula bitumbura tano na uji wa moto, anasimama, akiwa na torche ku kichwa. Wamotari wanaita wateja kwa majina, "PDG, panda!", hata kama PDG huyo hana shimo wala robo ya shimo. Huku karibu kila mtu amekwisha kuitwa PDG mara moja, na ile kicheko ya asubuhi, tukiihesabu, ni mali.

Mchana unasikia bamama twangaise. Zamani ilikuwa mlio mmoja tu, chuma juu ya jiwe, mamia ya mikono, mlima mzima ukipiga kama moyo. Leo mashine za kusaga zimeingia na kupunguza mikono hiyo, na bamama wengi wamepoteza mkate wao. Neno hilo tunalibishana mu mikutano na tutaendelea. Lakini pale bado wanapokaa pamoja, sikiliza. Wanatwanga na wanaongea. Hapo njo mtoto anatafutiwa feza ya shule, hapo njo likelemba inahesabiwa, hapo njo mgonjwa anatajwa na chakula chake kinapangwa. Kama ungelipa watu wa kufanya kazi hiyo yote, ungehitaji ofisi tatu.

Jioni, mvua ikikamata saa kumi, mlio wake ku manjanja unanyamazisha kila mtu. Huwezi kuongea, huwezi kusikia radio. Batoto wanatoka uchi kuoga chini ya maji inayoanguka kutoka ku paa, na mama anaweka masufuria na bidoni kwa mstari, anakamata maji bila kutembea. Ikiisha, harufu ya udongo inapanda. Kesho yake bamama wanarudi kutoka msituni na uyoga mu majani ya ndizi. Na usiku kuko bugali, sombe iliyopikwa na mawese mpaka mafuta inapanda juu, na ndagala kama feza iko. Mutu akula, akae mlangoni, atazame watu wanaopita, asalimu, asalimiwe.

Hata salamu tulijifunza bei yake. Munakumbuka mpox. Ile aina mpya ya ugonjwa ilionekana huku kwetu Kamituga mwezi wa 9 mwaka 2023, na tarehe 14 mwezi wa 8 mwaka 2024 Shirika la Afya la Ulimwengu likatangaza hatari ya ulimwengu mzima. Jina la mji wetu likasikika mu radio za mbali. Hapa tuliambiwa: musigusane. Mkono ukabaki mu mfuko. Mutu anafika, unampungia kwa mbali kama askari. Mu misiba watu walisimama bila kujua wafanye nini na mikono yao. Tulikuwa tunaonaka salamu ya mkono kama kitu kidogo. Siku ilipokosekana, tukaona ni yenyewe inatufanya watu.

Yale wachimbaji 33 walikumbuka

Sasa jangwa la tatu, na hilo ni la watu wa kazi yetu. Mu nchi ya Chile, Amerika ya Kusini, kuko jangwa linaitwa Atacama, moja kati ya pahali pakavu kuliko zote duniani. Karibu na mji wa Copiapó kulikuwa mgodi wa shaba na dhahabu, jina lake San José. Tarehe 5 mwezi wa 8 mwaka 2010, mlima ulianguka ndani na kufunga njia. Wachimbaji 33 wakabaki chini, karibu metre 700.

Siku 17 hakuna mtu juu aliyejua kama wako hai. Chini, walikusanya chakula kidogo kilichokuwa mu chumba cha kukimbilia, wakakigawanya sawasawa: vijiko viwili vya samaki wa mkebe na maziwa kidogo, mara moja kila masaa 48. Hakuna aliyekula zaidi ya mwenzake. Juu, familia zao zilijenga kambi mu jangwa, wakakataa kuondoka, wakaiita Kambi ya Matumaini. Siku ya 17 chuma cha kutoboa kikafika chini, kikarudi juu na karatasi iliyofungwa: tuko wazima, sisi wote 33. Wakatolewa moja kwa moja mu kikapu cha chuma, tarehe 13 mwezi wa 10, nyuma ya siku 69.

Habari hiyo ilizunguka dunia yote. Kwetu mafundisho yake ni mbili. Ya kwanza: watu waliotoka mu shimo hilo walivaa miwani ya giza, sababu hata mwanga wa kawaida, ule tunautembelea bure, ulikuwa mzito kwa macho yao. Mbele yake kulikuwa bibi, mtoto, mama. Hakuna aliyepanda akiuliza mawe mangapi yalibaki chini. Ya pili: waliokolewa kwa sababu watu wa juu walijua wazi nani yuko chini. Kulikuwa hesabu. Kulikuwa majina.

Mvua yetu ni jua lao

Na sisi? Tarehe 11 mwezi wa 9 mwaka 2020, siku ya Tano, mvua kubwa ilinyesha juu ya Kamituga. Ku Detroit maji iliingia mu mashimo kwa nguvu, udongo ukaanguka. Watu karibu 50 walikufa, wengi wao vijana. Tulikwenda pale, tulisimama mu matope na mafamilia, na swali la kwanza mbele ya mlango wa shimo lilikuwa: wangapi waliingia? Hakuna aliyekuwa na jibu la hakika. Mama mmoja anasema mtoto wake, mwengine anasema huyu alipanda mbele ya mvua, mwengine anasema hapana. Maiti ndizo zilizotupa hesabu.

Kila mtu huku anajua kwamba mvua inajaza shimo. Haikosi akili. Kwa nini basi watu wanabaki chini? Tuseme ukweli bila kupepesa. Mchimbaji iko na deni ku duka, amekula majuma mawili bila kulipa, na jiwe zuri limeonekana leo asubuhi. PDG iko na deni kwa mwenye kumpa feza, motopompe inakula mafuta. Akipanda sababu ya mvua, anaogopa kesho atakuta nafasi yake imechukuliwa. Kwa hiyo anajiambia: nimalize kidogo. Ile "kidogo" njo imezika watu.

Hapa njo tunapounganisha yote tuliyosema. Mtu akiamini kwamba maisha yake ya kweli iko mbele, mu mji mwingine, siku atakapopata kilo, basi leo yake haina bei, na anaweza kuiweka rehani kwa saa moja ya kuchimba. Lakini mtu anayejua kwamba bitumbura ya asubuhi, kelele ya batoto chini ya mvua, sombe ya jioni na salamu ya jirani ni maisha yenyewe, huyo ana sababu ya kupanda. Hatutaki watu wapende Kamituga ili wanyamaze na umasikini. Kinyume chake. Mwenye kujua bei ya kitu chake hakiuzi kwa bei ya chini, na hakubali mtu amwambie kishuke shimoni bila ulinzi.

Dubai imeandika: jua kali, kazi isimame. Sisi tuandike: mvua ikianza, shimo litoke watu. Tunaomba kila koperative na kila PDG wakubali mambo manne, na tunaomba watu wa SAEMAPE, ambao kazi yao ni kusimamia wachimbaji wadogo, watusaidie kuyafanya sheria ya kila shimo.

Moja: mtu mmoja abaki juu kila wakati, kazi yake kutazama mbingu na mto. Apewe jante ya gari na nyundo. Akipiga mara tatu, wote wanapanda, bila kuuliza. Analipwa sehemu yake kama mwenye kuchimba.

Mbili: daftari ku mlango wa shimo. Unaingia, jina lako linaandikwa, unatoka, linakatwa. Daftari ni bei ya bitumbura chache. Ikiwa kitu kinatokea, tutajua tunamtafuta nani.

Tatu: aliyepanda sababu ya mvua asipoteze nafasi yake wala sehemu yake ya mawe. Hilo njo kubwa. Bila hilo, jante itapigwa na watu watabaki chini.

Nne: siku ya mvua, shimo litoe chakula cha wachimbaji wake, ili deni la duka lisimrudishe mtu mu maji.

Mambo hayo hayaombi mashine wala mzungu. Yanaomba watu wanaokubali kwamba mchimbaji ni mtu ambaye wanamngojea nyumbani. Tunajua PDG wengine watasema: hasara. Tunawajibu kwa heshima: wewe pia umekwisha kuchanga ku msiba, unajua hasara ni nini.

Na bamama, ninyi muko na nguvu kuliko sendika yoyote. Mvua ikianza, mchimbaji anasikia sauti ya bibi yake ku telefone mbele ya sauti yetu. Asubuhi akivaa torche, mwambieni wazi: "Mvua ikinyesha, panda. Sombe iko nakungojea." Nawe kijana, ukipanda ukiwa umelowa, bila kitu mu mfuko, usione haya. Simama kidogo ku mlango wa shimo, acha maji ikunyeshee uso. Kuko watu wangelipa feza mingi kwa mvua hiyo. Halafu uende nyumbani, ukale ingali moto.